Majirani wa Mitunguu waliniongezea mguu, nikaenda Embu kuomba nipunguziwe

Wakuu, salamu kwenu nyote, hata nyinyi mnaosoma mkiwa mmejificha kwa choo cha ofisi.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, mguu wa kushoto. Sijaongeza hata robo. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini hilo neno robo bado linanitoa jasho.

Kwa wale hawanijui, mimi ni broker wa ndizi. Nanunua mashambani Mitunguu, huku chini South Imenti, nauza Meru mjini na Embu.

Hii kazi ina sheria mbili. Ya kwanza, hesabu mikungu, ukimaliza hesabu tena, kwa sababu mkulima akikusaidia kuhesabu utalala njaa. Ya pili, bei ikishakubaliwa usitoke shambani bila mkungu wa juu. Huo ni wa nyongeza. Haulipiwi na hauandikwi popote. Nimeudai kwa miaka mingi mpaka kuna wakulima wakiniona nikifungua gate wanaweka kando kale kamkungu kadogo kuliko yote, kangu, ili nisiguse ile mikubwa.

Kumbukeni hako kamkungu. Katarudi.

Sasa mguu.

Pickup ilitutupa kwa mtaro wa maji, mimi chini, ndizi juu. Mfupa wa chini ya goti ukavunjika. Nilitibiwa, ukashika, lakini ukashika vibaya. Siku nilipoanza kutembea nikagundua mguu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita nne. Nilipima. Nikapima tena. Nne.

Mwanzoni nilikuwa naiona kama advantage. Nikisimama shambani nainama upande, mkulima anadhani nimeanza kuondoka, anashusha bei. Nimenunua ndizi nzuri sana kwa ule mguu.

Lakini mgongo ukaanza kulalamika. Nikawa siwezi kupanda lori, siwezi kuvuka mitaro. Na broker ambaye hawezi kutembea shamba kwa shamba ni mtu tu anayependa ndizi. Hiyo ndiyo ilinipeleka Embu, kwa hospitali ambayo sitaitaja kwa sababu walinivumilia vya kutosha.

Daktari wa mifupa akanieleza: watakata mfupa, wataweka fremu ya chuma nje ya mguu, halafu vile vipande viwili vitavutwa viachane pole pole, na mwili wenyewe utajaza ile nafasi na mfupa mpya.

Nikamuuliza kama amesema watauvunja tena. Akasema hapana, watakata. Kwake kuna tofauti.

Hapo ndipo nilipomjua Injinia Wanja. Huyu dada kazi yake ni kuboresha hizo fremu. Zile za zamani alisema ni nzito, na zimeundwa kama vile mgonjwa atakaa kwa sofa miezi sita akiletewa chai. Yake ilikuwa nyepesi, ya aluminium, na pete ya juu imeachwa wazi upande wa nyuma ili goti likunje vizuri.

Nikamuuliza goti likunje vizuri kwa nini. Akaniuliza kwetu choo ni cha namna gani.

Nikakubali kuwa mmoja wa watu wa kujaribu hiyo fremu. Mtu akikufikiria mpaka kwa choo cha shimo, unampa mguu.

Fremu yenyewe ilikuwa na pete mbili, na kati yao rodi nne zenye meno kama bolt. Kwa kila rodi kuna nati. Ukizungusha nati robo, pete zinaachana kidogo sana. Robo nne ni mzunguko mmoja, na mzunguko mmoja ni milimita moja. Daktari alitaka robo moja kila zamu, zamu nne kwa siku, kwa hivyo milimita moja kwa siku. Siku arobaini, sentimita nne, kwisha.

Mimi arobaini sikuipenda.

"Daktari, fanya milimita mbili."

"Moja."

"Moja na nusu, na nikuletee wagonjwa wengine kutoka Mitunguu."

"Mfupa hauna habari na wagonjwa wengine. Ni moja."

Nikanyamaza kidogo, ile ya kumwonyesha niko karibu kuondoka. Shida ni kwamba nilikuwa nimelala kwa kitanda chake bila suruali. Nikakubali moja. Niliona nimeshindwa bei kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara.

Aside kidogo. Siku ya kutoka hospitali gongo liliteleza hapo kwa ramp, nikaanguka nikavunja kifundo cha mkono wa kulia. Nilirudi ndani kabla karatasi zangu za kutoka hazijakauka wino. Nurse aliniuliza kama nimesahau kitu.

Kwa hivyo nilifika nyumbani na fremu mguuni, plasta mkononi, na spana ambayo siwezi kushika. Mkono wangu wa kushoto hata kijiko unakiangusha. Mke wangu, Kendi, anafanya kazi shamba la maua Timau, anakuja akiwa na off.

Nani atazungusha nati?

Jirani yangu Gitonga alikuja kuniona akasema hiyo si shida. Gitonga ndiye mtu wa maji kwetu. Mitunguu tunalima kwa irrigation, na maji yanaenda kwa zamu: wewe unafungua valve saa fulani, ukimaliza unafunga, mwenzako anafungua. Gitonga ndiye hupanga hizo zamu. Aliangalia mguu wangu, akaangalia nati, akasema hizi ni valve tu.

Akapanga. Asubuhi, Mama Karimi, jirani wa upande wa juu ambaye nimenunua ndizi zake tangu tuhamie hapo. Saa sita, Gitonga mwenyewe. Jioni, Salim, dereva wa lori kutoka Maua ambaye hubeba mizigo yangu na hulala Mitunguu siku nyingi. Kabla ya kulala, Gitonga tena.

Niliwaonyesha robo ni nini. Wote walielewa. Hilo mlishike, kwa sababu kuna mkuu najua atakuja hapo chini kuandika kwamba watu hawakufundishwa. Walifundishwa. Robo waliijua kuliko mimi.

Kazi ikaanza. Mama Karimi alikuwa anafika na uji, ananawa mikono, anachukua spana. Kwa heshima, mimi na mama jirani na mguu uchi, nilikuwa nafunikwa leso mpaka kiunoni na kugeuza uso juu. Niliangalia mabati. Nilihesabu misumari ya paa langu lote, nikarudia, na naweza kuwaambia fundi aliniibia.

Gitonga yeye alikuja na stori za nani ameiba maji ya nani. Salim alikuja akiimba. Hakuna aliyekosa zamu yake hata mara moja. Kusema kweli nilipendwa mpaka nikaanza kujiuliza nimewafanyia nini hawa watu, nikakumbuka, nikaacha kujiuliza.

Siku ya kumi nilitolewa nje kuota jua. Nikaangalia fremu vizuri kwa mara ya kwanza. Kila jino la rodi ni milimita moja, kwa hivyo nikahesabu meno yaliyotoka tangu tuanze.

Ishirini.

Nikahesabu tena kutoka upande wa pili. Ishirini. Nikaenda kwa rodi ya pili, ya tatu, ya nne. Ishirini kila mahali.

Sasa wakuu, mtu mwenye akili hapo anapiga simu Embu. Mimi nilifanya nini? Nilifurahi. Nilijiambia, ile bei ya milimita mbili ambayo daktari alinikatalia, nimeipata. Sijui nani amenipatia, lakini mtu akikupunguzia hauulizi sababu. Nikanyamaza. Nikaanza kupanga vile nitaingia Embu kabla ya wakati na mguu umekamilika, nimwangalie daktari tu.

Baada ya siku mbili nyingine vidole vya mguu vikaanza kuwa kama vimekanyaga siafu. Nikasema ni baridi. Mitunguu hakuna baridi.

Kendi alifika kutoka Timau jioni hiyo. Aliketi karibu na mguu akauangalia kama anavyoangalia maua yenye ugonjwa.

"Inua kidole kikubwa," akaniambia.

"Nimeinua."

"Baba Mwenda, hicho hakijainuka."

Nikajaribu tena. Naona kidole, nakiamuru, kinakaa. Kama mfanyakazi ambaye ameshapata kazi kwingine. Hapo ndipo furaha yote ilitoka. Nilikuwa nimeenda kununua sentimita nne na nilikuwa karibu kulipa na mguu mzima.

Asubuhi, kabla ya zamu ya kwanza, Salim alinipakia kwa lori lake, mimi na Kendi mbele, mikungu nyuma kwa sababu alikuwa ameshapakia. Embu tukafika.

Picha ikapigwa. Daktari akaiweka kwa mwanga. Kati ya vipande viwili vya mfupa, mahali palipotakiwa kuwa na mfupa mpya unaoanza kama ukungu, hapakuwa na kitu. Nafasi tupu. Akasema nyama na neva vimevutwa haraka kuliko vinavyoweza kukua. Tukiendelea hivi siku chache, mfupa hautajaza, na huo wayo hautainuka tena.

Injinia Wanja alikuwepo. Alihesabu meno, akatazama daktari.

"Hii inaenda milimita mbili kwa siku," akasema. "Nani anazungusha?"

"Mimi ni wa jioni," Salim akasema kutoka mlangoni. Hana wasiwasi hata kidogo. "Robo, kama tulivyoonyeshwa. Halafu namuongezea moja ya urafiki."

Nikaomba simu. Nikampigia Mama Karimi, nikaweka loudspeaker.

"Mama Karimi, kwa mguu unazungusha ngapi?"

"Robo."

"Robo tu?"

"Na ile ya juu. Kwani si wewe hupenda kuongezewa?"

Daktari alishika paji la uso. Wanja aliinama akaangalia viatu vyake, mabega yakitikisika.

Gitonga tulimpigia ya mwisho. Alikana kwanza. Halafu akasema, kwa maji, kila mtu hufungua valve kidogo zaidi ya anavyotakiwa, kwa hivyo yeye hupanga hesabu akijua hivyo. Kwa mguu alijua wengine watakuwa waoga, wataweka pungufu, ndipo akafidia.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Zamu nne, na kwa kila zamu robo moja ya daktari na robo moja ya mapenzi. Hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa sababu nyongeza haitangazwi.

Nikamgeukia daktari. Wakuu, mimi ambaye nimeomba kupunguziwa kila kitu kwa maisha haya isipokuwa mguu, nikamwambia, "Daktari, nipunguzie."

"Kiasi gani?"

"Wewe ndiye unajua bei."

Zile nati huzunguka pia kurudi nyuma. Walinirudisha kutoka ishirini na nne mpaka kumi na tano, wakaniambia nikae hivyo bila mtu kugusa kitu mpaka picha ionyeshe mfupa umeanza. Kendi aliomba likizo akakaa mlangoni na spana mfukoni. Mama Karimi alikuja na uji akauacha kwa ngazi.

Kidole kiliinuka baada ya wiki. Kidogo sana, lakini niliita watu.

Wanja naye akaja Mitunguu. Alisema fremu yake ameijaribu kwa maji, kwa vumbi, kwa kuanguka, na haijawahi kujaribiwa kwa majirani. Alikuja na fremu tupu, akaifunga kwa mgomba wa Mama Karimi, akawaita wote watatu.

"Mama, nionyeshe robo."

Mama Karimi akachukua spana. Akazungusha robo, safi kabisa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akazungusha nyingine.

"Hiyo ya pili ni ya nini?"

"Hiyo usiandike."

Wanja hakuandika. Aliwauliza wangefanya aje kama fremu ingekuwa yao. Gitonga akasema weka kufuli kama ya valve. Salim akasema weka speed governor kama ya lori: ukifika robo, kitu kinagonga ndani na kukataa. Wanja alipenda hiyo. Akaanza kuchora.

"Lakini," Salim akaongeza, "nitakuonyesha pia vile watu hui-bypass."

Nilikuwa nimekaa kwa kiti nikiwasikiliza. Nikaangalia ukutani kwa Mama Karimi, na hapo kando, kwa kivuli, kalikuwa kale kamkungu kadogo. Kangu. Nimevunjika mkono na mguu, sijanunua ndizi zake zaidi ya mwezi, na bado alikuwa ameniwekea.

Nikamwambia Wanja, hautazuia hawa watu kuongeza. Mimi wananiongezea kila msimu na hakuna shamba limeisha, kwa sababu nyongeza yangu wameitengea mahali. Wape nati yao.

Akainua kalamu. "Nati ambayo haifanyi kitu?"

"Inazunguka vizuri. Imefungwa kwa hewa."

Alicheka kwanza. Halafu aliacha kucheka akageuza ukurasa.

Fremu niliyowekewa baadaye ilikuwa na visu vidogo... hapana, nirekebishe, simu imeandika upuuzi. Ilikuwa na vishikio vidogo kwa kila rodi, unazungusha kwa vidole bila spana. Ukifika robo kinalia tak, kinajifunga, na alama ya rangi inatokea kuonyesha zamu gani imefanywa. Na pembeni kabisa, kimoja chekundu ambacho hakijashikana na chochote.

Na hatukuwadanganya. Wanja aliwaeleza wazi, hiki chekundu hakifanyi kazi yoyote kwa mguu.

Picha ilipoonyesha mfupa umeanza, zamu zikaanza upya. Asubuhi ya kwanza Mama Karimi akanawa mikono, akazungusha vile vinne, tak, tak, tak, tak. Halafu akashika chekundu akakizungusha polepole, kwa makini, kuliko vile vingine.

Nikamwambia, "Mama Karimi, umeambiwa hicho hakifanyi kitu."

"Najua." Akanifunika leso. "Lakini sasa nimekuongezea."

Kila siku hivyo. Salim alikuwa anakizungusha mpaka kinaimba. Gitonga alijaribu ku-bypass vile vya kweli kwa pliers, governor ikakataa, akakasirika, akaenda kumalizia hasira kwa chekundu. Meno niliyahesabu kila jioni, halafu Kendi akayahesabu kwa simu, nikimtumia picha. Milimita moja. Haikuzidi, haikupungua.

Tulipofika milimita thelathini na tano daktari akaniita. Akasema mfupa unajaza vizuri, lakini ile neva ilishaumizwa mara moja, na hataki kuijaribu. Anaweza kusimama hapo, nibaki na upungufu wa nusu sentimita, ambao kiatu kitaficha. Au tuendelee mpaka arobaini, tuombe Mungu.

Nusu sentimita, wakuu. Nilikuwa nimelala kwa kile kitanda kile kile. Ningeweza kudai. Tulikuwa tumekubaliana nne.

Nikamwambia asimame hapo. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nafikiri alitaka kuhesabu vile ninavyohesabu.

Fremu ilikaa miezi mingine mfupa ukikomaa, ikatolewa. Sasa natembea. Navuka mitaro. Kidole kikubwa kinafanya kazi, ingawa asubuhi kinachelewa kama mtu wa serikali. Na wagonjwa wapya kule Embu wanapewa ile fremu yenye chekundu. Wanja aliniambia mzee mmoja kutoka nyanda za Mbeere alikataa kuwekewa mpaka aonyeshwe kwanza nyongeza iko wapi.

Lesson niliyopata ni hii. Mtu asiyekupenda atafuata maagizo ya daktari vizuri sana. Anayekupenda atayapita kidogo. Ukiwa mgonjwa, hesabu kwanza watu wanaokupenda, halafu watafutie kitu cha kuzungusha.

Na ukiona jambo la mwili wako linaenda haraka kuliko ulivyoambiwa, usifurahi. Piga simu. Mimi nilikaa siku mbili na faida ambayo ingenikata mguu.

Wiki jana nilienda kwa Mama Karimi kununua ndizi, mara ya kwanza kwa miguu yangu. Tukapatana bei. Nikahesabu mikungu, nikahesabu tena. Akanitolea kale kadogo, nikashukuru.

Nikasimama pale kuaga. Sasa ile nusu sentimita, nikisimama sana nikichoka, bado inanivuta upande kidogo tu. Mama Karimi akaniangalia, akadhani sijaridhika naondoka, akarudi ndani akaniletea wa pili.

Nilimwambia ukweli, kwamba ni mguu tu.

Akasema nibebe.

Nimebeba. Nimepunguziwa mguu, wakuu, sio biashara.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe uliwahi kuongezewa nini na watu wako mpaka ukaenda kuomba kipunguzwe? Na kama kuna mtu wa mifupa humu, atuambie kama kwao majirani wanahesabiwa kwenye design. Nasoma comments zote. Mara mbili.